Shishamu, mpingo na soko la Dar es Salaam

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, zinakwisha. Kila moja inapobomolewa kupisha ghorofa, vilivyomo ndani hutafutiwa mnunuzi: milango ya mninga, boriti za mikoko, mabati yaliyoshika kutu. Mara mojamoja hutoka na kasha. Ni kasha la bibi, lenye miguu minne na droo mbili au tatu chini, usoni limejaa misumari na mabamba ya shaba ya njano, na ndani lina kijisanduku cha pembeni cha kuwekea vito na hati za nyumba. Watoto walikatazwa kuligusa. Leo linaishia kwa wauza vitu vya kale katikati ya jiji, na kutoka hapo huenda hotelini ufukweni au Ulaya.

Mengi ya makasha hayo hayakutengenezwa hapa. Yalitoka Bombay, Surat na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi yaliyosafiri na upepo wa kaskazi, pamoja na vitambaa, vyungu na mchele. Mbao zake ni msaji au shishamu. Msaji tunaujua, kwani Wajerumani waliupanda nchini tangu mwisho wa karne ya 19 na leo kila fundi wa Keko anauita mtiki. Shishamu haijulikani sana, ingawa ni ndugu wa damu wa mti ambao kila Mtanzania anautaja kwa fahari, yaani mpingo. Wataalamu wa mimea wameiweka yote miwili katika jenasi moja, Dalbergia, ndani ya jamii ya mikunde, ukoo wa kunde, mbaazi na ukwaju. Na yaliyoipata shishamu na ndugu zake huko Asia yanaihusu Tanzania moja kwa moja, kwa sababu walewale walionunua huko wamekwisha kufika huku.

Tuanze na miti yenyewe. Dalbergia ina aina zipatazo 250, zilizotawanyika katika nchi za joto za Asia, Afrika, Madagaska na Amerika ya Kusini. Jina la shishamu hubeba aina mbili. Ya kwanza ni Dalbergia sissoo, mti wa kingo za mito chini ya milima ya Himalaya, kuanzia Afghanistan na Pakistan, kupita India na Nepal, hadi Bangladesh. Hupenda mchanga mpya ulioachwa na mafuriko, hukua haraka, na unaweza kufika mita 30. Jani lake lina vijani vitatu hadi vitano vya mviringo vyenye ncha fupi, vilivyopangwa kwa kupishana, kimoja kulia, kimoja kushoto. Ya pili ni Dalbergia latifolia, ambayo kwa biashara ya kimataifa ndiyo hasa mbao ya waridi ya India. Hii ni ya misitu ya mvua za msimu, hasa kusini mwa India, na Java imepandwa kwa muda mrefu. Hukua polepole zaidi, kiini chake ni cha kahawia iliyokolea yenye michirizi ya zambarau na nyeusi, na ikipasuliwa hutoa harufu nyepesi tamu. Wahindi walipotaka kasha la kudumu vizazi vitatu, hii ndiyo waliyoichagua.

Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ukiuweka kando ya ndugu hao unaonekana mnyonge. Mara nyingi hauzidi mita 15, shina lake limepinda au limegawanyika tangu chini, gome ni la kijivu, na matawi mafupi yameishia katika miiba. Vijani ni vidogo na vingi kuliko vya shishamu, lakini navyo vimepishana vilevile. Maua ni meupe, madogo, yenye harufu nzuri. Matunda ni maganda membamba kama karatasi, yenye mbegu moja au mbili, yanayopeperushwa na upepo bila kupasuka. Unaota kuanzia Senegal hadi Ethiopia, kisha kusini hadi Afrika Kusini, lakini mbao bora ya kibiashara imetoka zaidi Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwetu ni mti wa Kilwa, Liwale, Nachingwea, Tunduru, Rufiji, Morogoro na Handeni, katika miombo na vichaka vya pwani ambako mvua ni za msimu na moto hupita karibu kila mwaka. Moto huunguza miche hadi ardhini, na mizizi huchipua tena. Mti mkubwa huvumilia. Mizizi yake hushirikiana na bakteria kurutubisha udongo kwa naitrojeni, kama ilivyo kwa jamii nyingi za mikunde.

Kinachoufanya mpingo usiwe na mfano ni kiini chake. Mkononi mwa mchongaji kipande cha mpingo kina sehemu mbili zisizofichika: pembeni ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na katikati weusi wenye mng'ao wa zambarau. Mstari unaozitenganisha ni mkali, utadhani umechorwa kwa kalamu. Kitupe kiini hicho katika ndoo ya maji, kitazama hadi chini, kwa kuwa ni kizito kuliko maji. Shishamu, hata ile iliyokolea, huelea. Patasi ya kawaida inapoteza makali juu ya mpingo baada ya muda mfupi, na ndiyo maana mafundi wa Mwenge huweka jiwe la kunolea karibu na goti. Vumbi lake huwasha macho na kukaba kifua, tabia inayojulikana kwa mbao nyingi za Dalbergia, lakini wachongaji wengi hufanya kazi bila hata kitambaa puani. Hilo halizungumzwi vya kutosha. Kila mara tunasifu ustadi wa wazee hawa na kusahau mapafu yao.

Matumizi ya miti hii yamefuata maumbile yake. Dalbergia sissoo kule Punjab ni mti wa kila kitu: samani, milango, mikokoteni, mashua, kuni, majani ya kulisha mifugo, na vijiti vya mswaki. Waingereza waliipanda kwa wingi Changa Manga, karibu na Lahore, kuanzia mwaka 1866, hasa kwa ajili ya kuni za gari moshi. Dalbergia latifolia ilikwenda kwenye samani za thamani, veneer na, baadaye, migongo ya magita. Mpingo kwa upande wake ulikuwa kwa karne nyingi mti wa vitu vidogo: mipini, michi, vitana, fimbo, vikombe vya dawa. Magome na mizizi yake hadi leo hutumika katika tiba za asili kwa maumivu ya tumbo na ya meno, na wauza dawa za miti shamba ni sehemu ya Kariakoo tangu zamani.

Ulaya ikaugundua kwa njia nyingine. Zumari za kisasa, yaani klarineti na obo, pamoja na zumari za mfuko za Waskoti, zinahitaji mbao isiyobadilika kwa unyevu wa pumzi, inayokubali kutobolewa kwa usahihi na inayotoa sauti safi. Mpingo ulishinda zote. Ila kiwanda kinataka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala kidonda, na mti wenyewe umepinda na una mioyo iliyooza. Matokeo yake, chini ya sehemu moja ya kumi ya gogo ndiyo inayogeuka kuwa kipande kinachofaa kusafirishwa. Mengine hubaki vumbi na vipande vya mkaa. Mti huo umechukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ndiyo maana nasema bei ya gogo la mpingo kule kijijini, kwa miaka mingi, ilikuwa dhuluma tupu.

Matumizi ya tatu yalizaliwa hapa hapa jijini. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na mijini walikuja na sanaa ya kuchonga, lakini kwao walichonga zaidi miti laini, hasa vinyago vya ngoma ya mapiko. Katika miaka ya 1950 wanunuzi wa Dar es Salaam, akiwemo mfanyabiashara Mohamed Peera, walianza kuwahimiza wachonge mpingo na wakawa wananunua kazi zao mfululizo. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani. Roberto Yakobo Sangwani anahusishwa na ule mnara wa watu wanaobebana, ambao baadaye ulipata jina la ujamaa. Mpingo wenyewe ulisaidia: mti uliopinda, wenye mashimo na ukanda mweupe ubavuni, ulimpa mchongaji nusu ya umbo kabla hajashika tezo. Mbao ambayo kiwanda cha klarineti kingeitupa, mchongaji wa Kimakonde aliichukua na kuifanya kazi ya sanaa. Hili ni jambo kubwa kiuchumi, na nitalirudia hapa chini.

Sasa twende Asia, maana ndiko tunakoonyeshwa mwisho wa njia. Mwaka 2000 China ilitoa kiwango cha taifa cha hongmu, yaani mbao nyekundu na nyeusi za samani za kifahari kwa mtindo wa enzi za Ming na Qing. Orodha ilikuwa na aina 33. Dalbergia latifolia ya India imo. Dalbergia cochinchinensis ya Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam imo. Na Dalbergia melanoxylon, mpingo wetu, nao umo. Uchumi wa China ulipopanda, matajiri wapya walinunua viti na vitanda vya hongmu kama njia ya kutunza fedha, na bei zikaruka. Ile ya Indochina iliteketea kwanza. Thailand ilikuwa imepiga marufuku ukataji katika misitu ya asili tangu 1989, lakini magenge yalivuka mpaka usiku na misumeno, na askari wa misitu wakauawa katika mapambano hayo. Ilipofika 2013 mti huo ukaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, orodha inayotaka kibali kwa mzigo unaovuka mpaka. Wanunuzi hawakuacha, walihamia aina nyingine, kisha bara jingine. Madagaska ikafuata, na mwaka 2014 Singapore pekee ilikamata magogo zaidi ya 29,000 yaliyotoka huko. Afrika Magharibi ikafuata. Zambia ikafuata, kwa mti wa mkula, ambao kwetu ni mkurungu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 kuhusu uhalifu dhidi ya viumbe pori ilionyesha kuwa mbao za kundi hili zilichukua asilimia 35 ya thamani yote ya mali iliyokamatwa kati ya 2005 na 2014, mbele ya meno ya tembo.

Kwa hiyo nchi wanachama zilipokutana Johannesburg mwaka 2016 ziliamua kuacha kukimbizana na aina moja moja, zikaorodhesha jenasi nzima ya Dalbergia. Uamuzi ulianza kazi tarehe 2 Januari 2017. Ulikuwa sahihi kwa sababu mkaguzi wa bandarini hawezi kutofautisha ubao wa aina moja na wa nyingine kwa macho. Lakini uliumiza wasiohusika. Wapiga muziki walikwama mipakani na klarineti zao. Mafundi wa India wanaochonga Dalbergia sissoo, mti unaopandwa mashambani kwa mamilioni na usio hatarini, walipoteza wateja. India na majirani zake waliomba mti huo utolewe kwenye orodha na hawakufanikiwa. Mwaka 2019, Geneva, ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa, na bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 haziko tena chini ya masharti ya vibali. Mchongaji wa Mwenge anapaswa kuijua sentensi hiyo kwa moyo, kwa sababu mgeni akiogopa kukamatwa uwanja wa ndege, kinyago kinabaki rafuni. Katika mkutano huohuo mkurungu uliorodheshwa, na mwaka 2022, Panama, ikaingizwa jenasi yake yote ya Afrika, Pterocarpus, pamoja na mninga.

Mninga! Hapa ndipo habari inapoingia sebuleni kwetu. Mtu wa Dar es Salaam hanunui kitanda cha mpingo. Ananunua kitanda cha mninga, au cha mkongo, au cha mtiki ikiwa mfuko haujatuna, kutoka Keko au Buguruni, na anapambana na bei za samani za mbao za kubandika zinazoshushwa kutoka China na kujaa maduka ya Kariakoo. Biashara imekuwa ya pande mbili kwa namna inayouma: mbao ngumu inatoka bandarini Kurasini, na ubao wa vumbi lililogandishwa kwa gundi unaingia. Kitanda cha ubao huo kitapasuka ndani ya miaka michache, na kasha la bibi bado limesimama.

Njia ya mbao ngumu kufika jijini ilifunguka Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, mvua zikianza, kusini ilikuwa imefungwa. Baada yake malori ya magogo yalipita kuelekea Dar es Salaam mfululizo, na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu ukataji huo ilieleza kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ilistahili kukusanya yalipotea. Wanavijiji walipata senti. Serikali imekaza kamba tangu hapo: Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, umeundwa, kusafirisha magogo yasiyopasuliwa nje ya nchi hakuruhusiwi, na kila mzigo barabarani unatakiwa uwe na hati ya kusafirishia na alama ya nyundo kwenye mbao. Vizuizi vya barabarani vimesaidia. Lakini kizuizi hukamata gogo likiwa limekwisha kukatwa.

Tena mpingo hauuawi na klarineti wala kinyago. Watengenezaji wa ala huhitaji kiasi kidogo sana cha mbao kikilinganishwa na msitu unaopotea kila mwaka. Kinachoumaliza ni shamba na tanuri. Kule Lindi, misitu inafyekwa kwa ajili ya ufuta, zao lenye bei nzuri linalotaka ardhi mpya kila baada ya misimu michache. Karibu na jiji, Pwani na Morogoro, inafyekwa kwa ajili ya mkaa. Mpingo hutoa mkaa mkali kupita kiasi, na mchoma mkaa hana sababu ya kuuacha mti kwa kuwa ungekuwa na thamani miaka 40 ijayo kwa mtu mwingine. Magunia yanayopangwa nyuma ya pikipiki alfajiri na kuingia Gerezani, Ilala na Tandika ni sehemu ya habari ya mpingo kuliko duka lolote la vinyago. Kila nyumba ya jiji inayohamia gesi inaokoa misitu hiyo zaidi ya semina nyingi za mazingira.

Je, dawa ni kupanda? Sebastian Chuwa wa Moshi na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo mwaka 1996, na Chuwa hadi kufariki kwake mwaka 2014 aliwafanya maelfu ya wanafunzi wapande miche. Nawaheshimu kwa dhati. Lakini mche wa leo utavunwa na vitukuu, na mkulima hawezi kungoja. Wapo wanaopendekeza tupande shishamu badala yake, kwa kuwa Dalbergia sissoo hukua haraka na soko lipo. Sikubaliani nao. Mti huo huchipua kutoka mizizini na kuenea. Florida na sehemu za Australia zimekwisha kuuhesabu kuwa mvamizi. Isitoshe, Pakistan na India mashamba yake yamekuwa yakikauka kwa ugonjwa wa kunyauka. Kuuleta kwenye kingo za Rufiji ni kujitafutia taabu ambayo hatutaweza kuing'oa.

Kilichofanya kazi ni kumpa mwenye ardhi msitu wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi katika ardhi yake, kuandaa mpango wa uvunaji, kuuza mbao na kubaki na mapato. Kilwa ndiko ilikojaribiwa kwa mpingo, kwa msaada wa shirika la MCDI, lililokua kutokana na utafiti ulioanza katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 msitu wa vijiji vya huko, Kikole na Kisangi vikiwa vya kwanza, ulipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Hukatwa miti iliyotimiza unene unaotakiwa tu, ikahesabiwa na kupigwa nyundo mbele ya kamati ya kijiji. Kampuni ya Kijapani ya Yamaha, inayotengeneza klarineti, imekuwa ikifanya utafiti na vijiji hivyo tangu 2015, kwa sababu bila mpingo kiwanda chake kina wasiwasi. Ukweli ni kwamba mtindo huu haujaenea vya kutosha: upimaji wa msitu na mpango wa uvunaji ni ghali, soko la magogo yenye cheti ni dogo, na kijiji bila msaada wa mwanzo hakiwezi. Hata hivyo, panapofanyika, mwenye shamba la ufuta ana sababu ya kuuacha mti usimame.

Narudi kwa mchongaji, kama nilivyoahidi. Mpingo una thamani kubwa zaidi kwa nchi pale unapochukua mikono mingi kabla ya kupanda meli. Gogo lenye ufa lililokataliwa na kiwanda linaweza kuwa kinyago, mchi, pete au mpini wa kisu, na kipande kilichonyooka kinaweza kukaushwa na kutobolewa hapa hapa. Kinyume chake, kulitumia gogo kwa sakafu na samani za hongmu ni upotevu. Na wauza vinyago wanaopaka kiwi nyeusi mti mweupe na kuuita mpingo wanaua soko lao wenyewe. Kwangua chini ya kinyago kwa ukucha au funguo, au pima uzito mkononi, utajua.

Wewe unayenunua hapa Dar es Salaam una nguvu kuliko unavyodhani. Ukienda Keko kwa kitanda cha mninga, au Mwenge kwa zawadi ya mgeni, uliza mbao imetoka wilaya gani na uombe kuona hati. Fundi mwaminifu hatachukia. Asipokuwa nayo, nenda kwa jirani yake.